Banka lisilo na mchanga: namna ya kutoa mpira bila kuumiza mkono

Mpira wangu wa gofu ulikuwa ndani ya banka, lile bonde dogo la mchanga la kutegea wachezaji, na kedi wangu, anayenibebea fimbo, alishanionya. "Mzee, hapo mchanga hakuna, ni murramu tupu." Nikamwomba weji ya mchanga, ile fimbo fupi ya kutolea mpira bankani, hivyo hivyo, nikaufungua uso wa fimbo (kuugeuza utazame juu zaidi) kama wanavyofanya kwenye televisheni, nikashusha kwa nguvu sentimita tano nyuma ya mpira. Fimbo ikadunda. Mpira ukapita juu ya grini, ile sehemu ya nyasi fupi yenye shimo na bendera, kama jiwe la manati, ukapotelea vichakani, nami nikabaki nimekishika kifundo cha mkono wa kushoto. Wiki sita zilipita sijaweza kukamua nguo wala kufungua chupa ya maji.

Mbinu niliyotumia haina kosa, ila ni ya mchanga mwingine. Kwenye viwanja vya mashindano makubwa banka hujazwa mchanga uliochekechwa, wenye kina cha kutosha, na kila asubuhi kuna watu wa kuuparaza. Kwenye viwanja vyetu vingi vya mashimo tisa, mvua za masika husomba mchanga, na kinachobaki ni vidole viwili vya vumbi juu ya changarawe. Kiangazi kikikaza, feawei, ile njia ya nyasi fupi ya kuelekea grini, nayo inakuwa sakafu. Haya ninayoandika ni ya kucheza katika mazingira hayo na kurudi nyumbani na mikono yote miwili mizima. Nimeandika kwa anayepiga kwa mkono wa kulia. Wa kushoto ageuze.

Kwa nini mkono unaumia

Ipindue weji yako ya mchanga uitazame chini. Utaona tumbo: sehemu ya nyuma ya soli imeshuka kuliko ukingo wa mbele. Gene Sarazen, Mmarekani, ndiye anayesifiwa kwa kuipa weji ya kisasa umbo hilo, na mwaka 1932 alikwenda nayo Uingereza akashinda mashindano makubwa ya The Open kwenye uwanja wa Prince's. Kazi ya tumbo ni kuizuia fimbo isizame. Inapoingia kwenye mchanga laini, tumbo huisukuma juu, fimbo ikateleza chini ya mpira, na mchanga ndio unaounyanyua mpira. Weji za mchanga nyingi zina tumbo la nyuzi 10 hadi 14.

Tumbo hilo likikutana na ardhi ngumu halina pa kuingia, kwa hiyo linadunda, na ukingo wa mbele unaukata mpira kiunoni. Ukijaribu kuizuia fimbo isidunde kwa kuchimba kwa ukingo wa mbele, inagota na kusimama papo hapo. Nguvu yote uliyoishusha inapanda kwenye mpini na kuingia mkononi, hasa mkono wa kushoto ambao ndio ulio mbele.

Wanaoumia hapo wengi huumia mishipa ya kifundo au ya kiwiko. Lipo na jeraha moja ambalo wachezaji wengi hawalijui. Ndani ya kiganja, upande wa kidole kidogo, kuna mfupa uitwao hamate wenye kijipembe kilichojikunja kama ndoana. Ukishika fimbo huku kitako cha mpini kimeegemea hapo, kipigo kimoja kibaya kinaweza kukivunja hicho kijipembe. Kumbuka hili tutakapofika kwenye mshiko.

Hatua ya kwanza: kabla ya kuanza raundi

Fika dakika ishirini mapema. Pita kwenye banka moja au mawili yaliyo karibu na grini ya mazoezi au shimo la kwanza, uyatazame. Waulize kedi na mafundi wa kiwanja, maana wao ndio wanaojua banka lipi liliongezwa mchanga mwezi uliopita na lipi lina mawe. Kisha usome kanuni za uwanja, zile zilizoandikwa nyuma ya kadi ya kuandikia mapigo au kubandikwa ubaoni. Kamati ya uwanja inaweza kuwa imelitangaza banka bovu kuwa eneo la matengenezo, na hapo unautoa mpira bure, bila pigo la adhabu. Inaweza pia kuwa imeruhusu mpira ulio kwenye feawei kuokotwa, kusafishwa na kuwekwa upya karibu na ulipolala. Nimewaona watu wakivunja fimbo kwenye kipara cha udongo ilhali tangazo la kuwaokoa lilikuwa mlangoni walipopita.

Pasha mikono moto. Zungusha vifundo, kunja na kunjua vidole, nyoosha mkono mbele na kukivuta kiganja taratibu kwa mkono wa pili, halafu piga swingi (mizungusho ya fimbo) kumi za nusu bila mpira.

Hatua ya pili: soma mchanga kwa miguu

Sheria haikuruhusu kuupima mchanga kwa mkono, kwa fimbo wala kwa reki kabla hujapiga mpira ulio ndani ya banka. Huruhusiwi pia kuugusa mchanga kwa fimbo mbele au nyuma ya mpira, wala kwenye swingi ya majaribio, wala wakati wa kurudisha fimbo nyuma. Ukifanya hivyo ni mapigo mawili ya adhabu, au umepoteza shimo kama mnacheza mtu kwa mtu.

Lakini miguu imeruhusiwa. Unaposimama kupiga, sheria inakukubalia uisugue miguu ili ikae imara, na hapo ndipo unapopata habari zote unazohitaji. Sugua polepole ukisikiliza. Kiatu kikizama mpaka soli yote ifunikwe, kuna mchanga, piga kama ulivyofundishwa. Kikizama kidogo kisha kikagota, kuna tabaka gumu chini. Kisipozama kabisa na ukasikia sauti ya kukwaruza, umesimama juu ya changarawe hata kama macho yanaona mchanga mweupe. Sikiliza kwa miguu yote miwili, kwa sababu mchanga hukusanyika chini ya mteremko na kuisha juu.

Mvua nayo hubadilisha mambo. Mchanga mnene ulioloa na kushikana unapigwa karibu kama ardhi ngumu, ingawa hauumizi kama changarawe. Maji yakiwa yametuama mpirani au miguuni pako, unaruhusiwa kuusogeza bure ndani ya banka lile lile, au kutoka nje kwa pigo moja la adhabu.

Hatua ya tatu: ondoa mawe

Tangu sheria mpya za mwaka 2019, mawe, majani, vijiti na matunda yaliyoanguka ndani ya banka unaweza kuyaondoa bila adhabu. Zamani ilikuwa mwiko isipokuwa kamati iruhusu, na wazee wengi bado wanacheza kwa hofu hiyo, wakipiga mpira uliolala mgongoni mwa jiwe kwa kudhani hawana la kufanya. Inama uokote. Toa yaliyo nyuma ya mpira, toa na yaliyo mbele kwenye njia ya fimbo, kwa sababu jiwe likirushwa na weji linafika mbali na haliangalii uso wa nani. Fanya taratibu tu: ukiyaondoa na mpira ukasogea, unaurudisha mahali pake na kujiandikia pigo moja.

Kabla ya kupiga, hakikisha hakuna mtu mbele wala pembeni mbele yako. Miwani ya jua hapa haihusiani na urembo.

Hatua ya nne: amua, unapiga au unalipa

Hapa ndipo wengi tunaposhindwa, na tunashindwa kwa kiburi. Jiulize maswali mawili. Je, fimbo inaweza kufika kwenye mpira bila kugota kwenye kitu kisichosogea? Na je, upande wa bendera kuna ukingo mfupi ambao mpira wa chini unaweza kupita? Jibu la swali la kwanza likiwa hapana, usipige. Jiwe lililozikwa, mzizi, mpira uliozama kwenye murramu hadi nusu: hayo yote ni hapana.

Unaweza kuutangaza mpira kuwa hauchezeki. Kwa pigo moja la adhabu una njia tatu: kurudi ulikopiga mara ya mwisho, kudondosha ndani ya banka katika urefu wa fimbo mbili bila kulikaribia shimo, au kurudi nyuma kwa mstari wa bendera na mpira, ila ubaki ndani ya banka. Kwa mapigo mawili unaweza kutoka nje ya banka kabisa, ukirudi nyuma kwa mstari huo huo. Njia hii ya nne nayo ililetwa na sheria za 2019, na kwenye mabanka yetu ina thamani kubwa. Mapigo mawili yanauma kwenye kadi, lakini mtu anayepiga mara tatu ndani ya changarawe na kutoka na kiwiko kilichovimba amelipa zaidi.

Jibu la swali la pili likiwa hapana lakini la kwanza ni ndiyo, toka kwa pembeni, au hata kwa nyuma. Hakuna sheria inayosema lazima mpira uelekee kwenye bendera.

Hatua ya tano: chagua fimbo

Weka weji ya mchanga mfukoni. Ukingo wa banka ukiwa mfupi na mchanga umekauka na kulala sawa, chukua fimbo ya kusukumia, ile ya kwenye grini. Usicheke. Kwenye banka gumu lisilo na ukuta, ndiyo fimbo salama kuliko zote, na mpira hutoka kila mara. Ipige kwa nguvu mara moja na nusu ya ile unayodhani inatosha.

Ukingo ukiwa wa magotini, chukua weji ya kawaida au namba 9, ambazo tumbo lake ni dogo. Ukuta ukiwa wa kiunoni na chini ni kugumu, rudi hatua ya nne ukasome upya.

Hatua ya sita: pigo lenyewe

Shika chini kwenye mpini, acha sentimita tatu hivi zichomoze juu ya kiganja cha kushoto. Hapo umefanya mambo mawili kwa pamoja: fimbo imekuwa fupi, hivyo haichimbi kirahisi, na kitako cha mpini kimetoka kwenye kile kijipembe cha mfupa. Nguvu ya kushika iwe kama ya kumshika kifaranga ambaye hutaki akuponyoke. Ukikaza mno, mtikisiko wote unapanda kiwikoni. Ukilegeza mno, fimbo inajipinda mkononi inapogonga.

Uso wa fimbo uelekee unakokwenda, usiufungue. Ukiufungua unalitanguliza tumbo, na tumbo ndilo tunalolikimbia. Mpira uwe katikati ya miguu au nusu ya mpira nyuma yake. Uzito zaidi ya nusu uwe mguu wa kushoto, na ubaki huko mwanzo hadi mwisho. Mikono iwe mbele kidogo ya mpira.

Rudisha fimbo hadi usawa wa kiuno, si zaidi. Geuza kifua na mabega, mikono ifuate. Vifundo visikunjwe sana, maana kukunja kifundo ndiko kunakoleta pigo la kuchimba kutoka juu. Lenga kuugusa mpira kwanza, kama unavyochipu (kupiga pigo fupi la chini karibu na grini) kutoka kwenye nyasi fupi, na fimbo ipite ikiparaza vumbi. Ukikosea, kosea kwa kugusa juu kidogo. Mpira utatoka chini na kubingirika sana, hivyo chagua mahali pa kuangukia mapema kuliko ulivyozoea.

Usijaribu kuunyanyua mpira. Anayejaribu kuunyanyua huegemea nyuma, fimbo ikagonga ardhi kabla ya mpira, na hapo tumerudi kwenye siku niliyoumia.

Ukimaliza, paraza alama zako, na mawe uliyoyaokota yaweke nje kabisa, yasirudi banka kumngoja mwingine.

Ardhi ngumu nje ya banka

Kwenye feawei kavu una uhuru mmoja usio nao kwenye banka: unaweza kupiga swingi za majaribio ukigusa ardhi. Zitumie. Nenda hatua moja pembeni, paraza ardhi mara mbili, usikie ilivyo ngumu na uone fimbo inagusa wapi. Ikigusa nyuma ya pale ambapo mpira ungekuwa, sogeza mpira nyuma kidogo au uzito mbele.

Kuna mtego mdogo hapa. Mawe na vijiti unaruhusiwa kuondoa, lakini mchanga na udongo uliolegea haviondolewi nje ya grini, na huruhusiwi kuikandamiza ardhi nyuma ya mpira ili kuiboresha. Vumbi likiwa limejaa nyuma ya mpira, ndilo ulilopewa.

Kwa pigo refu, acha namba 4 na 5 za chuma. Chukua haibridi (fimbo iliyo kati ya chuma na mbao) au mbao ndogo: soli yake pana inateleza, na pigo lake ni la kufagia. Kwa pigo fupi karibu na grini, sukuma kwa fimbo ya kusukumia au bingirisha kwa namba 7. Ile weji ya nyuzi 60 inayorusha mpira juu ni ya nyasi nene. Kwenye kipara cha udongo mkavu inahitaji usahihi ambao wengi wetu hatuna Jumamosi asubuhi.

Pwani tatizo lina sura nyingine. Udongo ni mwembamba na chini yake kuna jiwe la matumbawe. Uwanja wa gofu wa Mombasa, kwa mfano, umekaa juu ya jabali lake kando ya bahari. Pale jiwe linapochungulia kwenye nyasi, usipige kwa kushuka hata kama mpira umelala vizuri, kwani huoni kilichopo sentimita mbili chini.

Mizizi inatisha kuliko mawe kwa sababu haisogei hata kidogo. Mwaka 2015, kwenye siku ya mwisho ya mashindano ya Masters huko Marekani, bingwa Tiger Woods alipiga mpira uliokuwa kwenye majani ya misonobari shimo la tisa, fimbo ikagonga mzizi uliofichika, akaumia kifundo. Chini ya mwembe au mkorosho mkubwa, chukulia kwamba mzizi upo hata kama huuoni. Kamati ikiwa haijaweka kanuni ya kukuondolea mizizi, hutoki bure: ni pigo moja na urefu wa fimbo mbili. Lipa.

Barabara iliyojengwa kwa lami, saruji au kokoto zilizomwagwa ni kizuizi, na unatoka bure: tafuta mahali pa karibu ambapo mpira, miguu na swingi vyote viko nje yake, bila kulikaribia shimo, kisha dondosha ndani ya urefu wa fimbo moja. Njia iliyojichora tu kwa matairi au miguu ya watu haina msamaha huo mpaka kamati iseme. Na viko viwanja ambako barabara ni sehemu ya mchezo: kwenye Old Course, uwanja wa St Andrews huko Scotland, ile inayopita nyuma ya grini ya shimo la 17 inachezwa kama ilivyo. Ikikukuta hali hiyo, fimbo ya kusukumia kwanza. Ikishindikana, weji yenye tumbo dogo, mpira nyuma, swingi fupi.

Zulia la mazoezi

Watu wengi wanaodhani wameumia uwanjani, wameumia mazoezini. Zulia jembamba la plastiki juu ya saruji linakudanganya: fimbo ikigonga nyuma ya mpira inateleza, mpira unaruka vizuri, nawe hujui kwamba umekosea. Kiwiko kinajua. Tafuta zulia nene au upige kwenye nyasi. Ukilazimika, inua mpira kwenye kitii, kile kijiti cha kuwekea mpira, piga fimbo fupi zaidi kuliko ndefu, na usimalize ndoo mbili kwa mkupuo.

Zoezi zuri ni hili: kunja taulo, liweke sentimita kumi nyuma ya mpira, upige bila kuligusa. Siku ukiweza mara nane kati ya kumi, ardhi ngumu haitakutisha. Na usiendelee na mipini iliyokwisha na kung'aa. Inateleza, nawe unakaza mkono bila kujua. Kama kiwiko kinakusumbua mara kwa mara, fimbo zenye mti wa grafaiti hupunguza mtikisiko kuliko zenye mti wa chuma.

Ukishaumia

Simama hapo hapo. Raundi imekwisha, hata kama umebakiza mashimo mawili na una kadi ya maisha. Funga barafu kwenye kitambaa, weka dakika kumi hadi kumi na tano, uinue mkono. Usikandwe kwa maji moto wala kuchuliwa siku hiyo.

Nenda hospitali kama kuna uvimbe unaoongezeka, ukishindwa kukaza ngumi, ukisikia ganzi kwenye kidole kidogo na cha pete, au ukiwa na maumivu ya kiganjani upande wa kidole kidogo yasiyoisha. Mweleze daktari kwamba ulikuwa umeshika fimbo na ikagonga kitu kigumu; usiseme tu "mkono unauma". Ufa wa ule mfupa wenye ndoana unaweza usionekane kwenye picha ya kawaida ya eksirei, na daktari akijua ulivyoumia anaweza kuagiza picha ya pembe nyingine au ya CT, ile ya kompyuta.

Mchanga ukiingia machoni, osha kwa maji safi mengi, usisugue.

Kurudi uwanjani kuwe kwa ngazi. Anza na kusukuma kwenye grini, kisha chipu fupi kutoka kwenye nyasi, kisha nusu swingi mpira ukiwa juu ya kitii. Kila ngazi isipouma kesho yake asubuhi, panda inayofuata. Banka liwe la mwisho, na la kwanza kulijaribu liwe lile ambalo kedi amekuhakikishia lina mchanga.